Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, Kericho

Anza na paa. Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri. Ndiyo siri ya chai yetu, na ndiyo sababu paa hili la vigae vya udongo limeteremka hadi karibu kulimeza jengo zima.

Jimbo Katoliki la Kericho lilimegwa kutoka Nakuru mwaka 1995. Kanisa lake kuu lilitabarukiwa Mei 2015, kwa mchoro wa ofisi ya John McAslan ya London.

Ukiingia, usikimbilie kuketi. Fremu kumi za zege zimepangwa kutoka mlangoni hadi altareni, kila moja imeizidi ya nyuma yake kwa urefu na upana, hivi kwamba kanisa linakua kadiri unavyotembea. Inua macho: mwanga unapenya mgongoni mwa paa, ukichujwa na fito nyembamba za mbao. Jiwe laini lililochongwa humu ni la Kisii, kwa jirani.

Viti vinatosha waumini 1,500. Wakizidi, milango ya ubavuni hufunguliwa, na wengine wakafuatia misa wakiwa bustanini.