Shosho na Namba ya Mnyama

Mwaka 2019, wakati wa usajili wa Huduma Namba, nilipiga foleni kwa chifu karibu asubuhi nzima. Nikapigwa picha, nikaweka vidole kwenye mashine, nikarudi nyumbani na karatasi yangu. Shosho alikataa kata kata kutoka nje. "Hiyo ndiyo ile namba," alisema, akafungua Ufunuo sura ya 13, pale mnyama anapowatia watu chapa mkononi au kwenye paji la uso, na asiye na chapa hawezi kununua wala kuuza. Sisi wajukuu tulicheka hadi machozi. Mmoja wetu akamuuliza kama M-Pesa nayo ni ya shetani. Hakujibu.

Nilichukua miaka kadhaa kujua kwamba hofu ya shosho ilikuwa na wazee wake.

Tuanze Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mwaka 1908, Mtonga mmoja kwa jina Elliot Kenan Kamwana alirudi kwao kando ya ziwa akitokea Afrika Kusini. Huko alikuwa amefundishwa na mmishonari Mwingereza, Joseph Booth, mafundisho ya Mmarekani Charles Taze Russell, mwanzilishi wa jarida la Watch Tower. Russell alikuwa amepiga hesabu zake za Biblia akafika 1914, mwaka ambao tawala za dunia hii zingefika mwisho. Kamwana aliichukua tarehe hiyo akaipa maana ya nyumbani: Yesu akirudi, kodi itakwisha na wakoloni watafunga virago. Kwa miezi michache tu alibatiza watu kama 10,000. Waingereza hawakungoja 1914 ifike waone. Mwaka 1909 walimkamata wakamfukuza nchini.

Unaweza kushangaa serikali yenye bunduki inaogopa nini kwa mhubiri. Lakini serikali ilikuwa imeelewa vizuri. Mtu anayeamini kwamba kodi itaisha baada ya miaka mitano tayari ameanza kujiuliza kwa nini anailipa leo.

1914 ikafika. Kilichokuja ni vita vya Wazungu, na Waafrika kwa maelfu wakabebeshwa mizigo ya majeshi. Jina la Kariakor hapa Nairobi limetokana na wapagazi hao. Kwa aliyekuwa amemsikia Kamwana, haikuwa vigumu kuona kwamba kuna dunia fulani iliyokuwa inaisha kweli.

Mafundisho hayo yakasafiri na vibarua wa migodi hadi Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Huko neno "Tower" lilipita kwenye vinywa vya wasema Kiswahili likatoka likiwa Kitawala. Hebu lisikilize. Ndani yake kuna kutawala. Jina lililoanza kama mnara likawa swali la nani atawale. Shirika lenyewe la Watch Tower liliwakana watu hawa, nao wakaendelea bila hilo. Mwaka 1944, maeneo ya Masisi na Lubutu mashariki mwa Kongo, watu walipokuwa wakisukumwa kwenye kazi za lazima kwa ajili ya Vita vya Pili vya Dunia, wafuasi wa Kitawala wakiongozwa na Bushiri waliasi. Wabelgiji waliuzima uasi huo kwa mabavu.

Na uhuru ulipokuja, swali halikuondoka. Malawi ya Kamuzu Banda ilipiga marufuku Mashahidi wa Yehova mwaka 1967. Kosa lao? Walikataa kununua kadi ya chama tawala. Hawakuwa na chama kingine, hawakutaka kiti cha mtu. Walisema tu kwamba wanangoja ufalme wa Mungu. Walipigwa, nyumba zao zikachomwa, na mwaka 1972 maelfu walikimbilia Zambia. Kwa dola inayotaka moyo wako wote, kujitenga na siasa nako ni siasa.

Nilipomsimulia shosho haya, alinitajia kitu ambacho hakuwahi kukitaja: kipande cha babake. Kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika Kenya alilazimika kubeba cheti chenye alama za vidole vyake na rekodi ya kazi zake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ukiacha kazi kabla mwajiri hajakutia sahihi, wewe ni mhalifu. Babake alivaa kile kikopo kwenye shamba la mzungu. Kumbe shosho alikuwa na kumbukumbu ya nyumbani kabla ya kufika Ufunuo. Biblia ilimpa tu maneno.

Tena hakuwa peke yake. Wanubi na mashirika ya haki walienda mahakamani bila kutaja mnyama yeyote. Januari 2020, Mahakama Kuu ilisema kukusanya DNA na data za mahali za GPS ni kinyume cha Katiba, na kwamba mpango mzima unahitaji sheria kwanza. Mawakili wale na shosho yangu walikuwa wakiuliza jambo moja: nani anashika kitabu chenye jina langu, na atakifanyia nini?

Lakini siwezi kuishia hapo, kwa sababu kuna Shakahola. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye msitu huo wa Kilifi. Waendesha mashtaka wanasema waumini walishawishiwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie, ambaye alikuwa amehubiri pia dhidi ya Huduma Namba, alikana mashtaka. Nilipotazama habari zile nilijua kwamba kicheko chetu cha 2019 hakikumsaidia mtu yeyote. Mwenye hofu ya kweli akichekwa nyumbani, ataenda kwa yule ambaye hamcheki. Na huko msituni, watu waliokataa kutawaliwa na namba walijikuta chini ya mtu ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza swali.

Maisha Namba ilipotangazwa, nilimpigia shosho simu. Sikumtania. Nilimweleza ninavyoielewa, na mahali nisipoelewa nikasema sielewi. Alinyamaza kidogo.

"Sasa hiyo," akauliza, "funguo zake ziko kwa nani?"

Bado natafuta jibu la kumpelekea.