Ukoga wa Kahawia

Wiki ya tatu tangu nijaze maji tangi langu la samaki, hapa Kasese mjini, kioo kilianza kubadilika. Mwanzo kilionekana kama kimepumuliwa na mtu. Siku nne baadaye kioo, mawe na mchanga vilikuwa vimevaa rangi moja, rangi ya kahawa iliyochujwa mara ya pili. Mtoto wa ndugu yangu alitazama akasema, "Baba mkubwa, tangi limeota kutu." Mama mmoja wa Bwera, anayetuletea samaki wa chumvi kutoka soko la Mpondwe, akasema ni uchafu tu, nimwage maji yote nianze upya. Mwalimu jirani yangu akatikisa kichwa. "Huo ni mwani wa kahawia, mzee. Taa yako haitoshi. Ongeza."

Majina matatu kwa kitu kimoja, na kila jina limekuja na dawa yake. Kutu hukwanguliwa, uchafu humwagwa, mwani hupimiwa mwanga. Nikaona kwamba kabla ya kushika sifongo yanipasa kwanza nipate neno.

Nilianza na lile la mwalimu, maana ndilo lenye heshima ya darasani. Kwa watu wa pwani, mwani ni mali ya bahari. Paje na Jambiani, Unguja, ambako ukulima wa mwani wa kuuza ulishika mizizi kuanzia 1989, wanawake huufunga kwenye kamba maji yakipwa na kuuvuna baada ya wiki chache. Vitabu vya shule vimelitanua neno hilo mpaka likabeba karibu kila kiumbe cha majini kinachojipikia chakula kwa jua bila mizizi wala maua. Neno kutanuka si kosa. Lugha hukua hivyo. Tatizo ni kwamba mwani wa kahawia, kwa wataalamu, una wenyewe tayari: ni ile mimea ya baharini yenye majani marefu kama mikanda, na karibu yote haijui maji baridi. Hata mwani wa Paje, ambao jicho langu lingeuita wa kijani au wa kahawia, wao huuweka katika kundi la mwani mwekundu. Basi rangi ya jina si lazima iwe rangi ya macho, na anayetafuta dawa kwa kufuata rangi ya jina anaweza kupotea.

Kilichoota kwenye kioo changu ni dayatomu. Kila moja ni seli moja tu, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, nayo imejijengea ganda la silika, kitu kilekile kilichomo katika mchanga na katika kioo. Ganda lina vipande viwili, kimoja kikikifunika kingine, na jina lenyewe limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya kilichokatwa viwili. Mimi niliposoma habari zake sikuona mkato. Niliona kijaluba, kile kikebe cha tambuu cha mabibi wa pwani, chenye mwili na kifuniko chake. Ndani ya kijaluba hiki mna ukijani uleule wa jani la mgomba, ila umefunikwa na rangi nyingine ya dhahabu iliyokolea, ndiyo maana tunaona kahawia. Kiumbe kikifa rangi hupotea na ganda hubaki. Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, maganda ya namna hii yaliyojilundika katika ziwa la kale yamekuwa mwamba mweupe kama chokaa, na watu huuchimba.

Mtu akishajua habari ya ganda, anaelewa kwa nini tangi jipya ndilo linaloshikwa. Maji mapya huja na silika iliyoyeyuka, na mawe na kioo bado havina wapangaji. Dayatomu huwahi. Baada ya wiki kadhaa silika hupungua, viumbe wengine wa kijani hushika nafasi, na rangi ya kahawia hufifia yenyewe. Ndiyo kusema mama wa Bwera, kwa kuniambia nimwage maji yote, alikuwa akiniambia nizikaribishe dayatomu upya.

Neno nililolitafuta lilikuwa kinywani mwangu, na nasema hivyo bila fumbo. Mtu akiamka asubuhi, kabla ya mswaki, ulimi wake ukipita juu ya meno hukuta utando laini. Huo ndio ukoga. Neno ni la zamani, nalo limebeba hasa kile ninachokiona tangini: kitu chembamba, chenye utelezi, kinachoota juu ya kitu kigumu, na chenye uhai. Utando peke yake ni neno zuri, lakini buibui naye anao, na maziwa yaliyopoa yanao. Kutu haina uhai. Uchafu hutoka nje ukaja ndani. Ukoga huota hapohapo. Tena ukoga una adabu yake ya matibabu ambayo kila mtoto anaijua: hupigwa mswaki, kesho hurudi, hupigwa tena, na hakuna anayeng'oa meno kwa ajili yake.

Rangi nayo ilinichukua jioni nzima. Kiswahili kina hudhurungi, neno ambalo kamusi za zamani hulieleza kama kitambaa cha rangi hiyo kilichoshonewa kanzu. Ni neno tamu, lakini mchuuzi wa Mpondwe hatalielewa haraka. Kahawia ataielewa bila kamusi. Miteremko ya Rwenzori inayotuangalia hapa ni ya mibuni, na kahawa huanikwa mbele ya nyumba. Ukoga wa kahawia, basi: nomino kutoka kinywani, sifa kutoka uani.

Likabaki shauri la mwalimu kuhusu taa. "Ongeza," alisema, nami nikajiuliza niongeze nini. Kiswahili hutenga mambo mawili ambayo mwenye tangi akiyachanganya ataumia: ukali wa mwanga na muda wa mwanga. Jua la saa 7 mchana ni kali; jua la siku nzima ya mawingu ni refu. Taa kali ya muda mrefu haiufukuzi ukoga, huubadilisha rangi tu kuwa kijani. Nimeiweka yangu iwake saa 3 asubuhi na kuzimika saa 11 jioni, saa 8 kila siku, bila kuruka, na tangi liko mbali na dirisha. Ikweta inakatiza barabara yetu pale Kikorongo, kwa hiyo jua hapa huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuchwa karibu saa 1 jioni, Januari hata Desemba. Samaki wa maziwa ya huku kwetu hawajui siku ndefu.

Na kwao nuru ni zaidi ya kuona chakula. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba katika Ziwa Viktoria, maji yanapochafuka na mwanga kupungua, majike hushindwa kutofautisha rangi za madume, na spishi huanza kuchanganyika. Samaki hao ndio wanaoitwa furu upande wa Mwanza, fulu kwa Wajaluo, nkejje kwa Waganda. Binamu zao wamo katika Ziwa George na Ziwa Edward, na hao ndio ninaofuga. Mmoja wao, ambaye Ethelwynn Trewavas alimwandika mwaka 1933 kwa jina la Haplochromis limax, maisha yake ni kuparua ukoga ulioota juu ya mimea ya majini.

Hapo ndipo neno lilinilipa. Wafugaji wa samaki duniani kote wanasema mbuna, neno la wavuvi wa Ziwa Nyasa, kwa samaki wa miambani wanaoishi kwa kuparua mawe. Lakini kile kinachoparuliwa wanakiita kwa Kijerumani, Aufwuchs. Jina la mlaji limetoka kwetu, jina la chakula likaazimwa mbali, na sisi tuna ukoga tangu tujue mswaki.

Kila Jumamosi nafuta kioo cha mbele kwa kitambaa, navuta taka za mchangani kwa mpira, nabadilisha sehemu ya maji. Katika daftari la tangi, ukurasa wa juzi unasema: "Ukoga wa kahawia umepungua mbele. Mawe ya nyuma yasiguswe. Ni ya samaki."