Lori Lilipokwama Uluguru

Ndugu msikilizaji, juma hili twende Morogoro. Apitaye pale hawezi kuacha kuinua macho kuitazama milima ya Uluguru. Theluji haianguki kule, lakini upo ukungu, na ipo baridi ya kutia vidole ganzi hata spana isishikike. Upande wa mashariki, pepo za Bahari ya Hindi huleta mvua karibu mwaka mzima. Huko ndiko mitambo ya vita ilikopata taabu mwaka 1916.

Majeshi ya Waingereza, yakiongozwa na Jenerali Jan Smuts, yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti, 1916. Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck walikuwa wamekwisha kuuhama mji kuelekea Kisaki, kusini ya milima. Nyuma yao waliacha madaraja yaliyobomolewa na vichwa vya treni vilivyoharibiwa. Reli iliyofika Morogoro mwaka 1907 ikawa chuma kitupu.

Mafundi wa jeshi hawakungoja karakana. Walifanya kazi hapo hapo nje, wakayatengeneza madaraja kwa muda. Treni hazikuwapo, basi wakachukua malori, wakayarekebisha yatembee juu ya reli ya upana wa mita moja, nayo yakapeleka shehena hadi Dodoma, kilomita 250 hivi. Ujanja huo tunaufahamu. Ndio wa mafundi wetu wa chini ya miembe.

Lakini njia ya kutoka Mikese kuzunguka milima hadi Kisaki haikuwa na reli. Mvua iliponyesha, magurudumu yalizama topeni. Palipomshinda lori, mzigo ulipanda kichwani mwa mpagazi. Naye alinyeshewa, akalala kwenye baridi, akala kidogo, akashikwa na homa ya mapafu au kuhara. Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii: lori lilipoharibika liliitiwa fundi, mpagazi alipoharibika aliletwa mwingine.

Katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, Waingereza waliwatumia wapagazi wanaokaribia milioni moja. Vifo vilivyoandikwa vilizidi 40,000, na wapo wanahistoria wanaokadiria kuwa vilikaribia 100,000. Wengi waliuawa na maradhi, si risasi. Kwa upande wa Wajerumani, hesabu kamili haikuwekwa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na nyasi hazihesabiwi.

Sanamu la Askari pale Dar es Salaam, lililosimamishwa mwaka 1927, ni la mtu mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa katika maandishi. Kumbukumbu yake kubwa ni jina la mtaa: Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

Basi, ndugu msikilizaji, siku utakapokwenda Kariakoo kutafuta kipuri cha gari lako, mkumbuke yule ambaye hakuwa na kipuri.