Tarehe ya Kuhifadhi Picha, Tangu Vioo vya Unguja Hadi Diski

Kompyuta ya nyumbani ipelekwayo kwa fundi kwa kuwa imekuwa nzito, ikachelewa kuwaka na kuganda kila ifunguliwapo programu ya pili, aghalabu hukutwa imejaa picha: za harusi, za mazishi, za watoto wakiwa wachanga na wakiwa wakubwa, picha zilizopokewa kwa simu zikanakiliwa mara mbili na tatu, na nyingine za sakafu na za kidole ambazo hakuna aliyekusudia kuzipiga wala aliyepata wasaa wa kuzifuta. Mwenye mali hudhani mashine yake imezeeka, na fundi asiye na subira humkubalia. Lakini tarehe ya sanaa ya picha, ikisomwa tangu mwanzo, yaonyesha kwamba taabu hii ina asili ya mbali kuliko kompyuta yenyewe. Kila gharama ya kupiga picha ilipopungua, kazi ya kuzitunza ilihama kutoka kwa fundi mwenye ujuzi ikamwangukia mtu wa nyumbani, ambaye hakufundishwa kazi hiyo wala hakuambiwa kwamba imemfikia.

Louis Daguerre alipotangaza ufundi wake mjini Paris mwaka 1839, picha ilikuwa bamba moja la shaba lililopakwa fedha, lisilo na nakala, likipotea limepotea. Ni Mwingereza William Henry Fox Talbot aliyeleta picha hasi, ambayo kwayo picha nyingi zaweza kuchapwa, na Frederick Scott Archer, mwaka 1851, akaiweka picha hasi hiyo juu ya kioo. Kioo kilimwagiwa dawa ya kolodioni, kikachovywa katika maji ya chumvi ya fedha, kikatiwa ndani ya kamera kingali kibichi, na kikasafishwa kabla hakijakauka, hata ikamlazimu mpiga picha aende na chumba chake cha giza popote aendapo. James Augustus Grant, aliyefika Unguja mwaka 1860 pamoja na John Hanning Speke kabla ya safari yao ya bara kutafuta chimbuko la Mto Nile, alikuja na zana hizo na kupiga picha mjini. Lakini katika safari ya bara aliiacha kamera akashika kalamu na rangi, maana joto la hema la giza na ugumu wa njia vilimshinda. Kwa hiyo picha tulizobakiwa nazo za Unguja ya wakati ule ni chache, na kila moja ilichaguliwa kabla haijapigwa.

Baadaye walikuja mafundi wa Kigoa, A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, wakafungua studio zao Unguja kabla karne ya kumi na tisa haijakwisha, na picha na kadi za posta za studio hizo zikachukuliwa na wasafiri zikaieneza sura ya mji huo ng'ambo. Watu huzitazama kadi hizo wakausifu ustadi wa jicho la mpigaji, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini mimi huustaajabia zaidi ustadi mwingine ambao hausifiwi, nao ni ule wa ghala. Katika biashara ya namna ile kioo kilipewa namba, namba ikaandikwa daftarini pamoja na jina la mteja au la mahali, kisha kioo kikatiwa katika bahasha ya karatasi na kusimamishwa wima ndani ya sanduku, kwa kuwa vioo vikilazwa kimoja juu ya kingine huvunjwa na uzito wao wenyewe. Mteja aliyerudi baada ya miaka akitaka nakala nyingine, daftari lilifunguliwa na kioo kikapatikana. Duka lisilo na daftari lilikuwa na vioo tu, na vioo visivyojulikana ni vya nani havikuwa mali ya mtu yeyote.

George Eastman, mwaka 1888, aliuza huko Marekani kamera iliyotiwa filamu ya picha 100, ambayo mwenyewe akiimaliza huirudisha kamera nzima kiwandani Rochester ili picha zisafishwe na filamu mpya itiwe. Hapo ndipo upigaji ulipotengana na utunzaji. Filamu nazo zilikuja na maradhi yake: ile ya nitrati ilishika moto upesi hata ikaunguza maghala, na ile ya asetati iliyoirithi, iliyosifiwa kuwa ya salama, katika joto na unyevu huoza ikatoa harufu ya siki, ilhali gelatini iliyo juu yake huota ukungu. Hali ya hewa ya pwani yetu, yenye joto na chumvi mwaka mzima, ni adui wa vitu hivyo vyote, na kwa sababu hiyo wastahili heshima kubwa watu kama Ranchhod Oza, aliyeanzisha Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na mwanawe Rohit aliyemrithi, ambao picha zao za mji, za watawala na za raia zimevuka tufani za siasa na za hali ya hewa zikatufikia. Filamu ya siku zao, ya picha 36 kwa wingi wake, ilikuwa na bei ya kuinunua na bei ya kuisafisha, na bei hiyo ndiyo iliyokuwa mlinzi wa mlangoni: mtu hakupiga picha ya sahani ya pilau mara tisa.

Wakati huo huo, mbali na vyumba vya giza, ghala la namna nyingine lilikuwa likijengwa. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa diski ya kwanza ya sumaku, iliyokwenda na mashine yake ya RAMAC: sahani 50 zenye kipenyo cha sentimita 61 kila moja, uzito wa takriban tani moja, na nafasi ya herufi milioni 5. Mwaka uliofuata Russell Kirsch, mtumishi wa taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, alimwingiza mwanawe mchanga katika kompyuta kwa picha ya vitone 176 kwa 176, na hiyo ndiyo baba ya picha zote zilizomo katika simu zetu. Kwetu mashine hizi zilikuja mapema kuliko watu wadhaniavyo, kwani Wizara ya Fedha ya Tanzania ilikuwa na kompyuta mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 serikali ilikataza uingizaji wake, katazo lililolegezwa katika miaka ya 1980.

Mwaka huo huo wa 1974 Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Kansas State, alitangaza pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao hisabati ambayo bila ya hiyo pasingalikuwa na jambo la kuandika hapa. Aliwahi kuombea utafiti huo fedha akanyimwa, akaendelea nao hivyo hivyo. Kwa kufuata hisabati hiyo, picha hugawanywa katika vipande vidogo vya vitone vinane kwa vinane, na kila kipande hufumuliwa kiwe jumla ya mawimbi, mapana na membamba. Kisha mawimbi membamba mno, ambayo jicho la binadamu haliyatambui vyema, huhesabiwa kwa kulegeza au huachwa kabisa. Juu ya msingi huu wataalamu walikubaliana mwaka 1992 juu ya kanuni ya JPEG. Picha ya vitone milioni 12, ambayo ikiandikwa yote yataka baiti milioni 36, hurudi katika milioni tatu au nne. Na hata hivyo, ile diski ya tani moja ya mwaka 1956 ingaliweza kubeba picha moja ya namna hii na kujaa. Ila kilichoachwa hakirudi, na picha inayofunguliwa, kukatwa na kuhifadhiwa tena na tena kwa kanuni hiyo hupungua kila mara, jambo ambalo watu wengi hawalijui hadi wameharibu picha ya pekee ya mzee wao.

Kamera ya kwanza isiyo na filamu iliundwa na Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975, ikiwa na vitone elfu kumi na ikichukua sekunde 23 kuandika picha moja katika kaseti. Kampuni haikuona faida ya kuharakisha kitu ambacho kingeua filamu zake, na mwezi wa Januari 2012 iliomba hifadhi ya mahakama kwa kushindwa kulipa madeni.

Sasa nirudi kwenye uzito wa kompyuta, kwa maana mambo haya mawili yana tarehe moja. Diski ya sumaku husomwa na kichwa kinachosogea juu ya sahani izungukayo, na kila kusogea kwataka muda. Diski ikiwa na nafasi, faili moja huandikwa mfululizo. Ikijaa, faili mpya hukatwa vipande na kutiwa katika mianya iliyoachwa na zilizofutwa, na kichwa hutangatanga kama karani aliyeamriwa kusoma waraka ambao kurasa zake zimetiwa katika makabati saba. Ndiyo maana Peter Norton alipata utajiri kwa programu zake za kuponya diski alizoanza kuziuza mwaka 1982, na ndiyo maana Microsoft, mwaka 1993, ilitia programu ya kupanga diski upya ndani ya MS-DOS 6. Waliofanya kazi maofisini katika miaka ya 1990 watakumbuka vile visanduku vya rangi vikihama kwenye kioo kimoja baada ya kimoja, na mtumishi akiiacha mashine usiku kucha ili asubuhi aikute nyepesi.

Lakini yapasa kusema kwa usahihi: picha iliyolala diskini haipunguzi kasi kwa kuwapo kwake tu. Kinachodhuru ni diski kujaa pomoni, kwani kumbukumbu ya kazi ikiwa ndogo kompyuta huazima sehemu ya diski ili kuweka kazi iliyo nayo mkononi, na pakikosekana pa kuazima hukwama. Kadhalika zile programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi ili kuorodhesha picha, kuzitengenezea vijipicha na kuzipeleka mtandaoni. Mwenye kuacha sehemu ya sita au ya tano ya diski ikiwa tupu, akazima programu zinazojiwasha bila ya ruhusa yake na akaongeza kumbukumbu ya kazi, ameshaponya sehemu kubwa ya maradhi. Kwa mashine kuukuu dawa iliyo bora kuliko zote ni kubadili diski ya sumaku kwa diski isiyo na kichwa wala sahani, uzao wa kumbukumbu ya flashi aliyoibuni Mjapani Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba miaka ya 1980. Diski hii haitaki kupangwa upya; kuipanga ni kuichakaza, kwa maana kila chumba chake kina kikomo cha idadi ya kuandikwa, na tangu Windows 7 ya mwaka 2009 mashine yenyewe huiarifu diski vyumba vilivyo wazi. Ama ile ada ya baadhi ya mafundi wa mitaani ya kupiga Windows upya kila mashine izembeapo, pasipo kuuliza kilichomo, naihesabu kuwa jinai, kwani imefuta sura za marehemu ambazo hazikuwa na nakala mahali pengine popote.

Mwezi wa Julai 2009 waya wa SEACOM ulianza kazi ukiwa umefika Mombasa na Dar es Salaam kwa njia ya bahari, na baada yake nyingine, na kupeleka picha ng'ambo kukawezekana kwa mtu wa kawaida. Google ilipotangaza mwezi wa Mei 2015 kwamba itahifadhi picha bila ya malipo na bila ya kikomo, mradi zipunguzwe ubora kidogo, watu wengi waliacha kuchagua kabisa. Na tarehe 1 Juni 2021 ukarimu huo ulipokoma, kila mtu akarudishiwa mpaka wa gigabaiti 15, walijikuta na maelfu ya picha wasizozijua. Wapo pia waliofuta picha simuni ili kupata nafasi, wakagundua kuwa zimefutika na huko mawinguni, kwa kuwa kulinganisha si kuweka akiba. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliweka kanuni ambayo sijaona iliyo bora kuliko hiyo: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali na nyumba.

Hata hivyo nakala bila ya daftari ni vioo bila ya bahasha. Kamera huita picha kwa namba, na ifikapo 9999 huanza tena moja. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1990 Wajapani waliweka kanuni ya kuandika ndani ya faili tarehe, saa na hali ya lenzi, ambayo ni daftari la aina yake. Lakini picha itumwayo kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huvuliwa habari hizo na kubanwa upya, na jina la mtu hakuna mashine iliandikayo yenyewe kwa uhakika. Katika mkusanyiko wa Mwingereza Humphrey Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za miaka 1860 hadi 1960, uliomo katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wakutubi wamezieleza picha kwa taadhima kubwa, na huo ndio mfano wa kuiga.

Picha za studio zilizomo katika masanduku ya nyumba za Lamu, Tanga na Pemba zaweza kufanyiwa vivyo hivyo. Picha ya karatasi iingizwe katika kompyuta kwa nukta 600 kwa inchi, na filamu kwa nukta 2,400 au zaidi, zihifadhiwe katika kanuni ya TIFF isiyopunguza kitu, na nakala za JPEG zitolewe kwa ajili ya kutumiana. Faili ianze na mwaka, kisha mahali, kisha jina, na maelezo yaandikwe ndani ya faili yenyewe. Kazi hiyo yataka mashine ya kunakili, diski mbili, na mtu wa makamo makubwa aketiye kando akitaja majina ya walio katika safu ya nyuma. Na yafaa kuanza na bahasha ambazo wino wake umeanza kufifia, kwa kuwa zile nyingine zaweza kungoja hadi mwakani.