Unavuta trela hadi Coasto? Cheki hii kabla umwambie jamaa wa pampu ajaze V-Power

Msimu wa shoo za Coasto ukifika, barabara ya Mombasa hujaa mbogi zinavuta vitu. Utaona trela ya spika na jenereta, ya jiko la kuchomea nyama, ya jet ski, ya nduthi. Na kila petroli stesheni mabishano ni yale yale. Msee mmoja anaapa mzigo ukiwa mzito lazima uweke ile petroli ya bei ya juu ndio gari ipate nguvu. Mwingine anasema huko ni kuibiwa mchana. Kila mmoja ako na ukweli nusu. Ile nusu ingine inategemea injini yako na, usicheke, mahali uko kwa ramani.

Kwanza okteni yenyewe. Hiyo namba haipimi nguvu. Inapima vile petroli inaweza kubanwa na kupashwa moto ndani ya silinda bila kujilipukia kabla ya wakati wake. Kazi ya okteni ya juu ni subira tu: ingoje plagi itoe cheche, halafu iwake. Ikishindwa kungoja, injini inaanza kunoki. Utasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo, hasa ukikanyaga mafuta kwa mlima. Kunoki sekunde mbili si noma. Kunoki kilomita mingi na tani moja imening'inia nyuma ndio huharibu pistoni, na hapo doh yote ya shoo inaishia kwa fundi.

Sasa trela inaingiaje? Mzigo unafanya injini ivute hewa na mafuta mengi kila mzunguko, presha na joto zinapanda, na hayo mawili ndio mama na baba wa kunoki. Gari nyingi za kisasa ziko na sensa ya kusikiliza hiyo kelele. Ikisikia, kompyuta inachelewesha cheche. Injini inapona, lakini gari inakuwa nzito na inakunywa zaidi. Hapo ndipo okteni ya juu huleta tofauti ya kweli: inairuhusu kompyuta iache cheche mahali pake. Gari ikiwa ya kitambo, ya kabureta, haina huyo mlinzi. Masikio yako ndio sensa.

Kabla ulipe pesa ya ziada, fungua kifuniko cha tanki usome stika. Gari zetu nyingi zimetoka Japani, na huko petroli ni mbili tu: ya kawaida, ambayo kiwango chao kinataka okteni angalau 89, na ya juu, angalau 96. Stika ikiwa ya Kijapani, piga picha utafsiri na simu. Kama ni Fielder, Noah ama Probox, kuna uwezekano mkubwa iliundiwa ile ya kawaida, na super yetu inapita hiyo namba. Lakini Subaru ya turbo ni mambo mengine; hiyo inataka ya juu hata bila trela. Gari za Ulaya nazo huandika namba wazi, mara nyingi 95 ama 98. Ukiona Mmarekani kwa YouTube akisema 87, usishtuke: wao hupima kwa njia tofauti, na 87 yao ni kama 91 ama 92 kwa kipimo chetu. Na kama unavuta na Hilux ya dizeli, hii stori yote haikuhusu. Dizeli haichaguliwi kwa okteni.

Sasa ile ya ramani, ambayo wasee wengi hawajui. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Hiyo ni hasara, lakini pia ni kinga: hewa ikiwa kidogo, presha ndani ya silinda inashuka na kunoki kunapungua. Kwa hivyo kujaza petroli ya bei ya juu pale Mlolongo, na unaenda kuteremka hadi Coasto, mara nyingi ni kuringa tu.

Kurudi ndio mtihani. Unatoka usawa wa bahari, hewa nzito, jua la Mombasa, halafu mara moja unaanza kupanda Mazeras ukielekea Mariakani na mzigo nyuma. Joto, presha na mlima vyote vinakupata pamoja. Kama utanunua ya bei ya juu mara moja tu safari nzima, inunue Mombasa tanki ikiwa karibu tupu, kwa sababu petroli zikichanganyika okteni inakaa katikati. Tuseme tofauti ni bob 20 kwa lita: tanki ya lita 60 ni 1,200. Ukishapita Voi na bado unapanda, hewa inaanza kukusaidia, na super ya kawaida ikirudi kwa tanki haina shida. Mwenye turbo asijidanganye na hii, maana turbo inarudisha ile presha hata huku juu. Yeye ajaze ya stika kila mahali.

Ukisikia zile kokoto barabarani, usikanyage zaidi. Legeza mguu, shuka giya. Kwa otomatiki bonyeza O/D off ama uweke 3, injini izunguke haraka badala ya kuburutwa polepole kwa giya ya juu. Mara nyingi hiyo inanyamazisha kunoki kuliko chochote utanunua. Zile chupa za kuongeza okteni nazo, soma vizuri: "pointi 5" mara nyingi humaanisha nusu ya namba moja. Yaani 93 inakuwa 93.5. Heri ununue chapo.

Na kuna petroli ya kuchezewa. Mafuta taa yako na okteni ya chini sana, na ndio maana serikali iliongeza ushuru wa mafuta taa 2018, kukata hamu ya wachanganyaji. Gari iliyokuwa fiti ikianza kunoki muda mfupi baada ya kujaza mahali usipopajua, shuku tanki kabla ushuku injini. Weka risiti, endesha pole, na ujaze kwingine mapema bila kungoja taa iwake.