Kiapo cha Hasibu

Hapa Kiriri, Bujumbura, nimelisikia tena dai kwamba Alfu Lela Ulela ni kitabu cha majini na anasa, dini imo kama pambo tu. Dai lenyewe ni kongwe. Mwaka 987 Ibn al-Nadim wa Baghdad alikwisha kuandika kwamba mkusanyo wa Kiajemi uliozaa hadithi hizi ulikuwa hafifu. Lakini katika mji huu, ambako ukisema Mswahili wengi husikia Mwislamu, dai hilo halifai kuachwa lipite.

Safari ya kitabu kutoka Uhindi na Uajemi hadi Kairo, kisha Ufaransa kwa tafsiri ya Galland tangu 1704, inajulikana. Aladini anayekimbiliwa na kila mtu namwacha: Galland alisimuliwa kisa chake na Hanna Diyab wa Aleppo, mjini Paris, 1709. Yangu, katika kitabu hicho hicho, ni hadithi ya Hasibu Karimu Dini, ambayo Edward Steere aliichapa mwaka 1870 kama ilivyosimuliwa Unguja.

Hasibu anatupwa na wakata kuni wenzake ndani ya shimo la asali, anapenya hadi kwa mtawala wa nyoka. Katika Kiarabu huyo ni malkia. Tafsiri ya Kiingereza ya Steere inamwita mfalme. Lugha yetu, kwa kiambishi chake a-, haina haja ya kumfanya mume wala mke, na mimi naipenda hivyo.

Nyoka anamrudisha kwao kwa kiapo kimoja: asiingie hamamu kamwe, maana siku akiingia, yeye nyoka atakufa. Katika Kiarabu mwenye hamamu anamkaribisha Hasibu, Hasibu anakataa, ndipo yule anaapa: usipoingia, wake zangu watatu nimewaacha talaka tatu! Msomaji aliyekulia Buyenzi, mtaa wa Waislamu hapa mjini, hahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Hasibu akishika ahadi, anavunja nyumba ya mtu. Akivunja ahadi, anamuua aliyemwokoa. Wanaosema dini ni pambo waniambie pambo gani hilo linaloikaba hadithi nzima koo.

Tena ndani ya hadithi hii mna kisa cha Buluqiya, mwana wa mfalme wa Bani Israili, anayezunguka dunia akimtafuta Mtume ambaye hajazaliwa. Thalabi, aliyefariki 1035, alimweka katika kitabu chake cha visa vya Mitume. Basi mwanachuoni hakuona aibu kumkaribisha huyu msafiri. Sisi tunaona aibu ya nini?

Hasibu anaingia hamamu. Tumbo lake linageuka jeusi, waziri mwovu anaiona alama aliyokuwa akiitafuta, na nyoka anatolewa shimoni ili nyama yake imtibu mfalme mgonjwa. Hasibu analia. Nyoka anajua kwamba alilazimishwa, hamlaumu. Anamnong'oneza tu kwamba watakapomchemsha, chupa ya kwanza ya povu ampe waziri, ya pili anywe mwenyewe.