Mifumo miwili katika kompyuta moja: Jinsi ya kuigawa diski bila kupoteza faili

WAHENGA walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Hata hivyo, katika kompyuta ya nyumbani, mifumo endeshi miwili, au hata mitatu, yaweza kukaa kwa amani ndani ya diski moja, mradi zizi ligawanywe mapema na kila fahali ajue mpaka wake.

Suala hili lilipata uzito mpya Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti rasmi ya Windows 11, mojawapo likiwa ni kuwa na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya wenye kompyuta kama hizo huamua kuongeza mfumo wa Linux, ambao hupatikana bila malipo, huku wakiibakiza Windows kwa ajili ya programu wasizoweza kuziacha. Uamuzi huo ni wa busara, ila una hatari yake. Kubofya mara moja pasipofaa kwaweza kufuta picha za harusi, tasnifu ya mwanafunzi au hesabu za duka za miaka mitano.

Diski hugawanywa vipi?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kompyuta: kumbukumbu, diski, kibodi na programu nyingine zote. Windows ni mmoja wa mifumo hiyo. Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mnamo 1991, ni mwingine, na huja kwa matoleo mengi, yakiwemo Ubuntu, Fedora na Debian.

Diski moja yaweza kukatwa sehemu kadhaa, na kila sehemu ikachukuliwa na kompyuta kana kwamba ni diski kamili. Mipaka ya sehemu hizo huandikwa katika jedwali dogo lililo mwanzoni mwa diski.

Kuna aina mbili kuu za majedwali hayo. Ile ya zamani, MBR, hukubali sehemu kuu nne pekee na haiwezi kutawala zaidi ya terabaiti 2 hivi. Aina ya kisasa, GPT, kwa kawaida huwa na nafasi ya sehemu 128, na huweka nakala ya pili ya jedwali mwishoni mwa diski. Jedwali la kwanza likiharibika, nakala hiyo yaweza kutumiwa kulirejesha.

Katika kompyuta za kisasa huwemo pia sehemu ndogo ya kuwashia, ambamo kila mfumo huweka folda yake. Kwa kuwa sehemu hii haionekani miongoni mwa diski za kawaida, wapo wanaoifuta wakidhani ni takataka. Ikifutwa, kompyuta haitawaka kutoka diski hiyo hadi itengenezwe upya.

Tahadhari kabla ya hatari

Hatua ya kwanza si kugawa bali ni kunakili. Faili zote za maana hazina budi kuwekwa katika diski ya nje, kisha diski hiyo ichomolewe na kuwekwa kando. Nakala iliyomo katika diski ile ile inayogawanywa si nakala ya kutegemewa.

Pili, mtumiaji sharti ajue iwapo Windows yake imefungwa kwa BitLocker. Mabadiliko katika utaratibu wa kuwasha yanaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48, na asiye nao atafungiwa nje ya faili zake mwenyewe. Ufunguo huo uandikwe karatasini kabla ya kazi kuanza.

Tatu, kuna suala la umeme. Stima ikikatika wakati sehemu ya diski inapunguzwa au kuhamishwa, faili zinaweza kuharibika kabisa. Kipakatalishi kiwe kimejaa chaji na kichomekwe ukutani. Kompyuta ya mezani yahitaji betri ya akiba.

Mwisho, kipengele cha Windows cha kuwaka haraka kizimwe. Kipengele hicho kinapotumika, Windows haizimiki kikamilifu, bali huhifadhi sehemu ya kazi yake katika diski. Linux ikiandika katika sehemu hiyo wakati huo, faili zaweza kuvurugika.

Utaratibu wa kuweka

Desturi ni kuanza na Windows, kisha Linux. Katika mashine zinazotumia MBR, Windows inapowekwa huandika juu ya programu ya kuwashia iliyokuwapo, ilhali Linux huitambua Windows na aghalabu kuiweka katika orodha ya kuchagulia.

Sehemu ya Windows ipunguzwe kwa kutumia chombo cha Windows chenyewe. Pengine chombo hicho kitakataa kupunguza zaidi ya kiasi fulani ingawa diski ina nafasi tele. Sababu ni kwamba zimo faili za mfumo zisizohamishika zilizokaa katikati ya diski.

Nafasi iliyopatikana iachwe tupu. Kwa Ubuntu, gigabaiti 25 ni kiwango cha chini, na mara mbili ya hizo humpa mtumiaji nafasi ya kupumua.

Wakati wa kuweka Linux, swali moja lahitaji kusomwa polepole: kuweka mfumo kando ya Windows au kufuta diski nzima. Wengi waliopoteza faili walipotelea hapo, kwa kukubali jibu wasilolisoma.

Faili za pamoja na saa tatu zilizopotea

Windows huhifadhi faili kwa mpangilio wa NTFS, ilhali Linux nyingi hutumia ext4. Linux husoma na kuandika NTFS, lakini Windows peke yake haifungui ext4. Kwa hivyo ni vyema kutenga sehemu ya tatu, ya NTFS au exFAT, kwa faili zinazotumiwa pande zote mbili. FAT32 haifai sana kwa kuwa haipokei faili moja ya gigabaiti 4 au zaidi, kiwango ambacho video huvuka kwa urahisi.

Jambo jingine linalowashangaza watumiaji wa Afrika Mashariki ni saa. Linux huchukulia kwamba saa ya ndani ya kompyuta ni saa ya kimataifa, nayo Windows huichukulia kuwa ni saa ya mahali. Kwa vile Kenya iko mbele kwa saa tatu, anayetoka Linux na kuingia Windows huweza kukuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu kamili. Mashine haina kasoro. Inatosha kuiagiza Linux ifuate saa ya mahali.

Mfumo mmoja unapogoma

Masasisho nayo huweza kuvuruga mapatano. Mnamo Agosti 2024, sasisho la usalama la Microsoft lilizifanya baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili zikatae kuwasha Linux. Katika hali kama hiyo faili hazijapotea, na mwenye mashine hana haja ya kukimbilia kufuta chochote.

Anayetaka kuiondoa Linux naye asianze kwa kufuta sehemu yake. Kwanza aingie katika mipangilio ya kuwashia, aiweke Windows mbele na kuhakikisha inawaka. Akifuta kabla ya hapo, huenda kompyuta ikaishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi machache.

Kwa asiye na hakika, ipo njia ya kuonja kabla ya kununua: matoleo mengi ya Linux huweza kuwashwa kutoka flashi diski ya gigabaiti 16 na kujaribiwa bila kuigusa diski ya ndani. Flashi diski hiyo hiyo isitupwe baadaye. Siku kompyuta itakapogoma kuwaka, hiyo ndiyo itakayomwezesha mwenyewe kuingia ndani na kuokoa faili zake, mradi diski yenyewe bado ni nzima.